Kioo cha Sitara

Mtaa wa Kajificheni,
Mji Mkongwe, Unguja.
Alkhamisi, siku za mwanzo za Mfungo Nne.

Kwa dada yangu mpenzi, Bi Dalal,
Kizimkazi Dimbani.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Naanza kwa jina la Mwenyezi Mungu, kisha naanza na wewe, dada yangu, kwani tangu tulipofiwa na mama nami ningali mdogo sikuzoea kuanza jambo lolote kabla ya kukutazama usoni. Shikamoo. Naomba waraka huu ukukute umeamka salama, magoti yamekupa nafuu katika baridi hii ya kipupwe, na ule mto aliokuletea Ilham unaukalia mwenyewe, hukumwachia paka. Nisalimie watoto na wajukuu wote, na majirani wa upande wa msikitini. Nimeambiwa kuwa mjukuu wetu Borafya sasa ana boti yake mwenyewe ya kuwapeleka wageni kutazama pomboo, na kwamba siku hizi ukimwita anakuitikia kwa Kitaliani. Mwambie babu yake wa mjini anamwombea baraka katika kazi yake, na anamkumbusha kuwa bibi akiita huitikiwa naam.

Kwa upande wangu, namshukuru Mola kwa kila hali. Sukari imetulia, macho yananitosha kwa hati kubwa, na darsa yangu ya baada ya Alasiri inaendelea. Wanafunzi wamepungua kidogo, lakini waliobaki wanauliza maswali mazuri, na mmoja wao haulizi ila nikiwa nshafunga kitabu.

Najua utastaajabu kuona barua ilhali simu ipo. Simu yako, dada, wajukuu huiweka sauti ya nje, na kila ninachosema hujibiwa na watu wanne kabla hujanijibu wewe. Mara ya mwisho nilikutajia habari ya tumbo langu, na kesho yake mtu wa Makunduchi nisiyemjua alinisimamisha Darajani akanipa majani ya kuchemsha. Habari niliyo nayo leo haistahiki kufika Makunduchi kabla ya kufika kwako. Kwa hiyo nakuomba uisome peke yako, na miwani yako mwenyewe, mlango ukiwa umerudishwa.

Kabla ya habari hiyo, niruhusu nitaje jambo ambalo hatujalitaja. Sijasahau siku ya chai. Ulitoka Kizimkazi kwa ajili yangu, katika ule mwaka wa kwanza baada ya kuondoka mke wangu Bashira, Mungu amrehemu, na mimi nikasema nitakupikia kwa mkono wangu. Kwa kuwa mimi sukari nimekatazwa, makopo ya jikoni sikuwa nikiyajua, nikakutilia chumvi vijiko viwili. Uliinywa yote kwa heshima, ukaweka kikombe chini taratibu, ukajitanda buibui lako, na uliposimama juu ya ngazi ukaapa kwamba wallahi hutazipanda tena ngazi zangu mpaka nyumba hii iwe na mtu wa kukupokea anayejua kopo la sukari ni lipi. Nilidhani ni mzaha. Lakini Idi zimepita, na kila ukija mjini unaishia barazani, unaniita nishuke, unanikabidhi halua kama mpita njia. Sikukwambia kwa mdomo, basi nakwambia kwa kalamu: kila unapoondoka, mimi hukaa pale barazani muda mrefu, kwani kupanda juu peke yangu baada ya kukuona wewe ni kuzito kuliko siku nyengine zote.

Sasa nije kwenye habari yenyewe, nayo ni habari ya dirisha.

Unalikumbuka dirisha la chumba changu cha kusomea, lile refu linaloanzia karibu na sakafu, upande wa kichochoro. Katika masika ya mwaka huu komeo la ubao wake, lililokwisha kuliwa na kutu, lilikatika usiku wa upepo, ubao ukapiga, na vioo viwili vikaanguka chini kichochoroni. Alhamdulillahi hapakuwa na mpita njia. Kioo cha tatu kilibaki na ufa. Kwa kuwa mvua haikunipa nafasi ya kutoka, nililiziba dirisha kwa boksi la tende lililokatwa vizuri, nikawa nasoma kwa taa hata saa sita za mchana. Ilham alipokuja kutoka kwake Kiembesamaki kunitazama, alisimama mbele ya lile boksi akalisoma kwa sauti, kwamba hizi ni tende bora na zihifadhiwe pahali pakavu, kisha akaniambia anakhofia watu watadhani baba yake ni bidhaa. Mvua ilipokatika akanichukua kwa fundi wa vioo.

Fundi huyo anaitwa Ayoub, na karakana yake iko Mikunguni. Ni mtu mwema mwenye ulimi mwepesi. Aliniuliza nataka kioo cha kuonea nini. Nikamjibu kwamba kuona si shida yangu, nataka nisionekane. Nikamweleza kuwa kichochoro chetu ni chembamba kiasi kwamba mtu wa huku na mtu wa kule wanaweza kupokezana kikombe cha kahawa, kwamba mkabala wangu kuna nyumba ya watu wenye heshima zao, na kwamba nyumba bila ya sitara haina adabu. Akasema amenifahamu, nimwachie yeye.

Akanitolea kwanza kioo cheupe cha kawaida. Nikasema katika hicho nitaonekana kama biskuti ndani ya kabati la duka. Akanitolea kioo cha maua, kile kinachovuruga sura ya mtu, nikaanza kukipenda, lakini Ilham akasema hicho ni cha choo, na Ayoub akaongeza kuwa watu watasema maalim anadurusu chooni. Akanionesha kioo cha kiza, kama cha gari za wakubwa. Nikamwambia hati zangu zinataka mwanga, sitaki kurudi katika boksi la tende. Akanionesha kingine kizito, kinachozuia kelele zote za nje. Nikamuuliza kama kinazuia na adhana. Akafikiri, akasema inawezekana, basi tukakiweka upande.

Mwisho akaenda nyuma ya magunia akatoa kimoja chenye kung'aa, akakisimamisha baina yangu na Ilham. Upande wangu nilimwona Ilham wazi kabisa. Ilham upande wake akajiona yeye mwenyewe, akaanza kuweka sawa mtandio wake. Ayoub akasema hiki ndicho cha watu wa heshima: aliye ndani anaona nje, na wa nje haoni ila uso wake. Dada, nilifurahi kama mtu aliyetatuliwa suala la mirathi. Nikasema papo hapo kwamba hiki ni kioo cha sitara. Ayoub alilipenda jina hilo, na nasikia mpaka leo anakiuza nalo.

Akaja akakitia, fremu za msaji alizoziacha babu zikabaki kama zilivyo, na chumba changu kikapata mwanga. Niliridhika hata nikafanya jambo la haraka: nikakitaja kioo hicho katika darsa, nikawaambia wanafunzi kwamba muumini achague cha nyumba yake kwa kutanguliza sitara kabla ya pambo, na nikatoa mfano wa dirisha langu. Wakaandika.

Lazima nikutajie sasa jirani wa mkabala. Ni Bi Salhiya, mjane wa marehemu Muhammad aliyekuwa karani bandarini. Alihamia katika nyumba ile baada ya kumaliza eda yake, miaka michache kabla Bashira hajafariki, na walikuwa wakitumiana vyakula kwa dirisha, sahani ikipita juu ya kichochoro. Kaka yake, aitwaye Mkubwa, anafanya kazi katika mashamba ya Kizimbani, na kila Ijumaa huja kumwangalia. Bi Salhiya kazi yake ni kushona kofia za viua. Ile niliyovaa Idi iliyopita, uliyoisifu ukiwa barazani na kuniuliza nimeipata wapi, imetoka katika sindano yake. Sikukujibu siku ile kwa sababu sikuona kuwa kuna la kujibu.

Nyumba yake iko upande wa kivuli, na dirisha lake liko chini kidogo ya langu. Jua la asubuhi hupiga ukuta wangu tu, wa kwake haliugusi mwaka mzima. Sasa kile kioo kipya, kwa ule mng'ao wake, kikawa kinalipokea jua na kulirusha ndani kwake. Naye, kama mtu yeyote mwenye akili, akasogeza kiti chake mpaka kwenye ule mwanga.

Nakuhakikishia, dada, sikukaa dirishani kwa kusudi. Nilikuwa juu ya mkeka, kitabu kiko juu ya marfaa, nikainua kichwa kutafuta maana ya neno. Nikamwona. Alikuwa amemaliza kofia, na bila ya shaka alitaka kujua imekaaje kichwani. Akatazama kichochoro huku na huku, hakuona mtu. Akaivaa ile kofia juu ya mtandio wake, akaiweka sawa kwa vidole viwili, akatanua kifua, akakitazama kioo changu kwa uso wa kadhi anayetaka kutoa hukumu. Kisha akakohoa kidogo, na kwa kuwa kichochoro chetu ni kile unachokijua, nikamsikia akisema kwa sauti nzito kwamba waumini wanyamaze.

Nilicheka. Nilijiziba mdomo kwa mkono wa kanzu, na bado nilicheka mpaka machozi yakanitoka na kitabu kikafungika chenyewe. Sijacheka namna ile tangu Bashira alipotutoka.

Kicheko kilipokwisha, khofu ikanishika. Lugha yetu cha dirishani imekiita kioo, na cha kujitazamia imekiita kioo, na katika umri wangu wote sikuwahi kuona kuwa hapo pana taabu. Sasa nimeona. Mimi nimenunua kioo cha dirisha. Yeye wa watu amepata kioo cha kujitazamia. Anaamini yuko peke yake na sura yake, na nyuma ya sura yake yuko mwanamme mwenye ndevu nyeupe. Nimewafundisha watu adabu za kubisha hodi kwa miaka mingi, kwamba mtu asimame pembeni ya mlango asije akaona ndani kabla ya kupewa ruhusa. Leo nimekuwa mchunguliaji, tena nikiwa nimekaa kwangu, juu ya mkeka wangu, kwa kioo nilichokiita cha sitara.

Nikauhamisha mkeka, nikakaa nimelipa dirisha mgongo, nikawa nasoma ndani ya kivuli changu mwenyewe. Haikufaa. Nikatundika kanga moja ya Bashira dirishani mchana kutwa, chumba kikarudi kiza kama siku za boksi. Jioni tu, nilipoamini kuwa Bi Salhiya keshaacha sindano, nilikuwa nikiifunua nipate kupumua, nikiwasha taa na kufanya shughuli zangu kwa utulivu, kwa kuwa mimi, kama alivyoniambia fundi, naona na sionekani.

Ijumaa iliyofuata Ilham akaja na bakuli la bokoboko lililofunikwa. Akasema ameitwa mlangoni na Bi Salhiya, amepewa hili pamoja na ujumbe. Nikauliza ujumbe gani. Akauma midomo kwanza. Ujumbe ulikuwa kwamba ukosi wa kanzu ile maalim anaushona kinyume, upande wa ndani ameutoa nje, na sindano anaishika kama kisu cha kuparia samaki. Ampe yeye amshonee kabla hajajitoboa. Na kwamba ikiwa nyumba yetu imeishiwa sahani, aseme, aletewe.

Nikamuuliza Ilham huyu bibi amejuaje. Alicheka mpaka akakaa juu ya ngazi. Ilikuwa inakaribia Maghribi. Akaifunua kanga, akawasha taa ya chumba changu, akanishika mkono, akanishusha mpaka kichochoroni, akanisimamisha kwenye mlango wa jirani na kuniambia nitazame juu. Dada yangu, kila kitu kilikuwa wazi. Seruni yangu imetundikwa msumarini, kijiko kimechomoza kutoka sufuria yangu juu ya meza, na kwa aliye dirishani mkabala, hata mkeka na marfaa. Ilikuwa kama duka la Darajani usiku wa kuamkia Idi.

Nikakumbuka yote niliyoyafanya katika mwanga ule. Nimekula kutoka sufuriani. Nimeitayarisha darsa kwa sauti, nikiukemea ukuta kwa kidole. Nimefanya yale mazoezi ya mgongo aliyoniagiza daktari, ya kunyanyua mikono na kuinama kama kuku anayekunywa maji. Niliingia ndani, nikazima taa, nikasali Maghribi kizani.

Asubuhi nikamwita Ayoub. Alikuja, akasikiliza, akakuna kichwa, akaniambia kwamba kioo hakina kosa: mchana kiza kiko ndani na mwanga uko nje, usiku nikiwasha taa mambo yanageuka. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema maalim aliuliza habari ya mchana. Ya usiku angeuliza angeambiwa. Akanishauri niwe nakaa kizani. Nikamwambia angalau aache kukiuza kwa lile jina nililolitaja. Akanijibu kwa masikitiko kwamba jina limeshakubalika, watu wanakuja nalo kutoka hata Bububu. Nikamwambia basi ajitayarishe kukitoa, nami nitampa habari ni kipi cha kutia badala yake. Alasiri ile niliwaambia wanafunzi wafute mfano wangu. Yule muulizaji wa mwisho akauliza kwa nini. Nikafunga kitabu.

Ilham, nilipomweleza habari ya kofia, alikuwa na rai kwamba mambo yaishie hapo. Alisema Bi Salhiya ameniona, nami nimemwona, hakuna anayemdai mwenzake. Nikamwambia si sawa. Yeye aliniona kwa taa niliyoiwasha mwenyewe, na alipoona alinitumia salamu. Mimi nilimwona bila ya yeye kujua, nikanyamaza. Nikikitoa kioo bila ya kusema sababu, nitakuwa nimeficha jambo linalomhusu yeye. Na nikisema, nitamtia haya mwanamke mwenye heshima yake, na pengine sahani hazitapita tena juu ya kichochoro hiki. Nililala na suala hilo mara kadhaa, na kila asubuhi nililikuta limeniamkia mapema kuliko mimi.

Basi Ijumaa, baada ya Alasiri, nilipojua kuwa Mkubwa amekuja kutoka Kizimbani, nilivaa ile kofia ya Idi, nikaenda na Ilham, nikabisha hodi. Tulikaribishwa ukumbini. Mkubwa akakaa nasi, na Bi Salhiya akakaa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, kwa desturi yake. Baada ya kuulizana hali nikasema kwamba nimekuja kwa jambo la amana. Nikaeleza kioo nilikitakia nini na kimefanya nini, na kwamba mchana mmoja niliinua macho nikamwona, na kwamba tangu hapo nimetundika kanga, na kwamba namwomba radhi.

Kisha sauti ikauliza ilikuwa siku gani. Nikasema siku ya kofia. Nilikuwa nikitazama mkeka, na nikawaza kuwa nimeharibu ujirani wa miaka kwa ajili ya kipande cha kioo. Ndipo sauti ikauliza, na khutba nayo niliisikia? Nikasema nilisikia waumini wakinyamazishwa tu, ya baada ya hapo sikuyasikia. Akaangua kicheko, dada, kicheko cha mtu aliyeshikilia kitu kizito kwa muda na kukiacha. Ilham naye akacheka. Mkubwa maskini, ambaye hakuwa akijua lolote, akawa anauliza khutba gani, nani katoa khutba.

Nikasema kwamba nshamwagiza fundi akitoe. Bi Salhiya akasema nisifanye haraka. Akaeleza kuwa tangu alipoingia nyumba ile hajaona jua chumbani mwake, na viua vya kofia vinataka mwanga, alikuwa akimaliza kazi macho yanamuwasha. Kioo hicho kimemletea jua mpaka mapajani. Hapo nikaona nimefungika pande zote: nikikiacha, hana sitara, nikikitoa, narudisha kiza kwake. Nikasema, kwa kuwa faida yake na dhara yake vyote vinamfika yeye, haki ya kuchagua ni yake. Vioo vyote nimevijua sasa, cheupe, cha maua, cha kiza na kizito. Aseme anataka dirisha lile litiwe kioo gani, nami nitamwagiza Ayoub hicho hicho.

Nikamsikia nyuma ya pazia akiweka kikombe chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo iliyotulia, kwamba hilo, maalim, linategemea yeye atakuwa akikitazama kutoka upande gani.

Mkubwa alianza kukohoa. Ilham akainua uso akayatazama maboriti ya dari kana kwamba anayahesabu. Mimi, niliyesomesha elimu ya balagha na aina za kinaya, nilijibu kwamba naam, hilo ni kweli, mwanga hutofautiana kwa pande, nikashukuru kwa kahawa, nikaaga. Nilivuka kichochoro, nikafika kwenye ngazi zangu, na nilipokuwa katikati ya ngazi ndipo maneno yale yakanifikia. Nikatazama chini nikaona miguu yangu haina kitu. Makubadhi yangu nilikuwa nimeyaacha mlangoni kwake. Ilham alikuwa amesimama chini ameyashika mkononi, na uso wake ulikuwa uso wa Bashira pale Bashira alipokuwa akinisubiri nifahamu jambo.

Hii ndiyo habari, dada yangu, ambayo sikutaka ijibiwe na watu wanne. Nimesali istikhara kwa siku kadhaa, na kila nikiinuka moyo wangu nimeukuta umetua. Namuuliza Ilham, anasema yeye alikuwa akiingoja siku hii kabla ya dirisha kuvunjika. Lililobaki ni wewe. Wewe ndiye uliyemwosha Bashira, ukamkafini kwa mikono yako, na mlikuwa mkiitana somo tangu usichana wenu. Simtoi mtu mahali pake. Mahali pake pako kama palivyo, na dua yake haikatiki. Lakini uliniona nilivyo siku ile ya chai, na uliona sawa. Bila ya radhi yako sitafungua mdomo, na nikishindwa kuipata nitamwambia Ayoub atie kioo cha maua, nami nitamshukuru Mungu kwa kicheko kile kimoja.

Ukiwa radhi, nina ombi. Hakuna mwanamke mwengine katika jamaa zetu ninayetaka aende kuuliza kwa niaba yangu, na Mkubwa ameniambia mwenyewe, kwa njia ya kuniuliza habari za afya yako, kwamba Ijumaa zote yupo. Najua umeapa. Nimekitazama kiapo chako kwa makini, kama nitazamavyo masuala ya watu, nisije nikakuingiza katika kafara. Uliapa kuwa hutazipanda ngazi zangu mpaka nyumba iwe na mtu wa kukupokea. Ngazi za nyumba ya mkabala hukuzitaja. Njoo, dada, upande hizo kwanza. Zangu utazipanda baadaye kwa halali yako, bila ya kuvunja neno.

Kioo chenyewe bado ni kile kile. Mchana natundika kanga, yeye anapata jua lake na simuoni. Jioni taa naizima mapema. Ayoub ananiuliza kila akipita, nami namjibu kwamba mwenye kuchagua hajakaa bado upande wa kuchagulia.

Nisalimie tena kila aliye chini ya kivuli chako, na umwombee dua nduguyo katika sijda zako kama ulivyoniombea tangu sijajua kufunga kanzu. Barua hii anakuletea Ilham kwa mkono wake. Usimuulize kitu, mtazame usoni tu, utajua. Mwenyezi Mungu akuhifadhi, akupe nguvu za magoti, na atukutanishe juu ya mkeka mmoja karibuni.

Wabillahi taufiki,

ndugu yako akupendaye na kukuheshimu,
Mundhir

Nimesahau kukwambia: kanzu imerudi kutoka ng'ambo ya kichochoro. Ukosi umekaa sawa. Na siku utakayopanda, chai sitaipika mimi.